Kabla ya Kumnyima Mtoto Chakula

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwenye sinia moja. Mgeni akija hunawa mikono, hukaribishwa, na hula kile kile walacho wenyeji. Kukataa tonge ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo yasipotosha huacha kinyongo. Kwa hiyo mtu ambaye mwili wake haupatani na chakula fulani huishi na dhiki mbili kwa pamoja, ya maradhi na ya adabu. Huambiwa anadeka. Huambiwa aonje kidogo tu, kidogo hakidhuru. Wako waliopelekwa hospitali mbio kwa sababu ya hicho kidogo.

Dhiki hiyo huzidi familia inapohamia Nairobi. Vijana wetu wengi wamefuata masomo na kazi huko, na sasa wanalea watoto Parklands, Kilimani, Kawangware na Kangemi, mbali na bibi aliyejua nani hali nini katika ukoo. Chakula kingi cha huko hununuliwa kimekwisha pikwa, kimesagwa au kimefungwa, na mkono ulioandaa haujulikani. Mtoto akivimba midomo baada ya kula, mama hupata ushauri kutoka pande kumi kwa siku moja: wa jirani, wa muuza dawa, wa shangazi aliye Malindi, wa video ya simu. Ushauri unaokosekana, aghalabu, ni wa yule aliyesomea kazi hiyo. Makala haya yanahusu namna ya kumfikia mtu huyo na namna ya kufaidika naye ukishamfikia.

Kwanza tujue tunachokisema. Mzio, ambao wengi wetu tumezoea kuuita aleji, ni kosa la walinzi wa mwili. Mwili hukiona chakula kisicho na ubaya wowote, tuseme yai, kana kwamba ni adui, na hukitengenezea kingamwili za aina iitwayo IgE. Siku chakula hicho kinaporudi, kingamwili hizo hupiga mbiu na mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiwa ni histamini. Dalili hujitokeza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazipiti saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kifua kupiga filimbi, na katika hali mbaya kabisa presha kushuka na mtu kuzirai. Kuna aina nyingine inayokwenda polepole, hasa kwa watoto wachanga na maziwa ya ng'ombe, ambapo mtoto hutapika mno saa chache baadaye au huonyesha damu chooni.

Mengi tunayoyaita mzio, hata hivyo, si mzio. Mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha akinywa maziwa mabichi, huku akila mtindi bila taabu, huenda amepungukiwa tu na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Jambo hilo ni la kawaida mno kwa Waafrika na halimuui mtu. Na kuna suala la samaki, ambalo sisi wa Pwani lazima tulitue na kulitazama vizuri. Samaki wa jamii ya jodari akikaa juani au kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yake kuwa histamini, ile ile kemikali ya mzio. Histamini hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kutia ndimu. Mlaji hupata uso mwekundu, mwasho, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, na kila amwonaye husema ana mzio wa samaki. Kumbe ni sumu ya samaki aliyekosa barafu. Anayenunua samaki Soko la Jiji pale Muindi Mbingu, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, au anayeletewa kifurushi na basi kutoka Mombasa, anastahili kuuliza samaki huyo alilalaje njiani. Ikiwa watu watatu walikula samaki mmoja na wote watatu wakawashwa, basi tumshuku samaki kabla ya kuwashuku watu. Ni nani atakayeitenganisha sumu hiyo na mzio wa kweli, ili mtu asije akaacha samaki maisha yake yote bila sababu? Hapo ndipo mtaalamu anapoingia.

Kuacha chakula bila sababu kuna gharama yake. Binti wa mpwa wangu, aishiye Kangemi, alipata mabaka mwili mzima alipokuwa na miezi kumi na mmoja. Wazazi wake walielekezwa kwa mtu aliyekuwa na ofisi katika jengo moja la kati ya jiji, akamtoa mtoto damu kidogo, na baada ya siku chache akawapa karatasi yenye rangi nzuri iliyoorodhesha vyakula kumi na saba vya kuepukwa. Maziwa yalikuwamo, na mayai, ngano, maharagwe, samaki, nazi, nyanya na hata ndizi. Pamoja na karatasi waliuziwa makopo mawili ya unga wa kujenga mwili. Mama mtu, kwa kumpenda mwanawe, alitii kila herufi. Kwa miezi mitano mtoto aliishi kwa wali, kabichi na viazi vya kuchemsha. Mabaka yalipungua kweli, lakini nywele zikawa nyepesi, mtoto akaacha kucheza, na mstari wa uzito katika kitabu chake cha kliniki ukalala kama uzi uliotandazwa mezani.

Nilifuatana nao walipokwenda hatimaye kwa mtaalamu wa lishe, katika hospitali. Bibi yule hakuigusa karatasi ya rangi. Aliomba kitabu cha kliniki, akaufuata mstari ule kwa kalamu, kisha akauliza mtoto alikula nini hasa siku ya mabaka, saa ngapi, na kilipikwa na nani. Ilichukua karibu saa nzima. Akamwandikia daktari wa watoto barua, na vipimo vya ngozi vikaonyesha mambo mawili, yai na njugu, ambavyo vyote viwili vilikuwamo katika chakula cha siku ile. Vyakula vilivyosalia vilirudishwa kimoja kimoja kwa muda wa miezi mitatu, na mstari wa uzito ukaanza kuinuka.

Karatasi ya rangi ilikuwa imepima kingamwili za aina ya IgG. Kingamwili hizo huonyesha, kwa sehemu kubwa, kwamba mtu amewahi kukila chakula hicho. Si ushahidi wa mzio. Ndiyo maana vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya, tangu mwaka 2008, na baadaye vya Marekani na Kanada, vimeonya kwamba kipimo hicho kisitumiwe kuamua mtu ale nini. Kinauzwa Nairobi kama kinavyouzwa London na Dubai, kwa bei isiyo ndogo, na mnunuzi wake mkubwa ni mzazi aliyetaabika.

Mtaalamu ni nani, na yuko wapi

Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Lishe, nayo ndiyo iliyounda taasisi ijulikanayo kwa herufi KNDI. Taasisi hiyo ndiyo inayowasajili wataalamu wa lishe na wa lishe ya tiba, kuwapa leseni na kutunza daftari la majina yao. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita kwa jina hilo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kumpangia mtoto wako chakula ni nambari yake ya usajili na leseni ya mwaka huu. Wala si utovu wa adabu kuliuliza. Aliye nayo huitundika ukutani. Na tofauti ya majina mawili yale ina maana. Mwenye kushughulikia lishe ya tiba amefunzwa kufanya kazi na mgonjwa na daktari wake, na huyo ndiye umtakaye. Anayekuuzia makopo ya unga katika ziara ile ile aliyokupa majibu ya vipimo, mimi kwa maoni yangu ningemuaga kwa heshima na kuondoka.

Njia iliyo nyofu huanzia karibu na nyumbani. Kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya cha umma, kama vile cha Kangemi au cha Riruta, hupima uzito na urefu bila mbwembwe, na huweza kuandika barua ya rufaa. Barua hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, pale Upper Hill, ni hospitali ya rufaa, na aendaye bila barua huanza safari upya. Kwa wenye bima ya kazini au uwezo wa mfukoni, ziko hospitali za binafsi zenye wataalamu wa lishe: Aga Khan pale Parklands, Nairobi Hospital katika barabara ya Argwings Kodhek, na ya watoto ya Gertrude's, ambayo makao yake ni Muthaiga. Piga simu kwanza. Usiulize tu kama wana mtaalamu wa lishe, maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza ni nani kati yao anayeshughulikia mzio wa watoto, na ni siku gani. Wengi wa wataalamu hawa siku zao hujaa wagonjwa wa kisukari na figo.

Kuhusu malipo, Bima ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na bima za kampuni zina masharti yake mbalimbali. Baadhi hulipa daktari na vipimo lakini humwacha mtaalamu wa lishe nje. Afadhali kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua kwenye dirisha la mhasibu.

Mama zetu wengi huuliza kama wanaweza kumpata mtaalamu mwanamke. Wengi katika kazi hii ni wanawake, na ombi hilo likisemwa wakati wa kuweka miadi halina uzito.

Katika chumba cha mtaalamu

Kinachokufaa zaidi kuingia nacho ni daftari. Kwa wiki mbili kabla ya miadi andika kila kilichoingia kinywani mwa mtoto, saa yake, na kilichofuata, hata kama hakikufuata kitu. Chukua pia makaratasi ya vifurushi, kitabu cha kliniki, na picha za mabaka uliyoyapiga kwa simu, kwani mabaka yana tabia ya kutoweka mtu akifika mbele ya daktari. Ikiwa mtoto anameza dawa za kupunguza mwasho, uliza mapema ziachwe siku ngapi kabla ya kipimo cha ngozi, maana hukifanya kipimo kiseme uongo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Tone la dondoo la chakula huwekwa kwenye mkono, ngozi hudonolewa kidogo, na baada ya dakika kama kumi na tano husomwa uvimbe. Kuna pia kipimo cha damu cha IgE. Lakini hakuna kimoja kinachotosha peke yake, kwa kuwa mtu aweza kuwa na kingamwili hizo na bado akakila chakula hicho kwa amani. Ndiyo sababu masimulizi ya mama yana uzito kuliko namba, na ndiyo sababu, panapobaki shaka, mtoto hulishwa chakula kile kwa vipimo vidogo vidogo vinavyoongezwa, ndani ya hospitali, dawa ya dharura ikiwa mkononi mwa muuguzi. Jaribio hilo ndilo hakimu wa mwisho. Lisifanywe jikoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali. Mtaalamu wako wa Nairobi huenda amezaliwa Nyeri au Kisii na kusomea Upper Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fani hii. Ni hodari, lakini kaimati hajapata kuzipika. Ukimwambia mtoto alikula visheti, ataandika neno bila kujua ndani mna nini. Basi ni juu yako kumfasiria sinia letu. Mweleze kwamba mahamri ni ngano, na wengine hutia maziwa ya unga. Kwamba halua huweza kuwa na lozi au korosho na samli. Kwamba viazi karai hupakwa unga wa ngano au wa dengu. Kwamba kashata hupikwa katika sufuria moja, leo za nazi, kesho za njugu. Kwamba simsim hunyunyizwa juu ya mikate yetu mingi. Mwambie pia kwamba tunakula mkono mmoja na mwingine katika sinia, hivyo punje ya mtu mmoja hufika upande wa mwingine.

Ukimfasiria vizuri, mpango utakaotoka utafanana na nyumba yako. Usipomfasiria, utapewa karatasi iliyochapishwa Ulaya, inayokuagiza maziwa ya shayiri na siagi ya lozi ziuzwazo katika maduka ya Westlands kwa bei ya kitoweo cha siku tatu. Na hali jikoni kwetu mna hazina. Asiyekula ngano ana vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina, vyote vya mchele, maadamu mpishi asiongeze unga wa ngano wala yai. Asiyekunywa maziwa ya ng'ombe ana mbaazi za nazi, mihogo ya nazi na wali wa nazi. Nazi imesingiziwa mengi kwa sababu kwa Kiingereza jina lake linafanana na ya njugu na korosho. Mzio wake ni nadra, na mwenye mzio wa korosho haimpasi kuiacha nazi mpaka apimwe. Lakini tui si maziwa kwa upande wa lishe: lina mafuta tele, na chokaa ya mifupa na protini kidogo sana. Wimbi ndilo lenye chokaa, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga mkavu, ingawa mwili hauifyonzi yote. Dagaa waliwao na mifupa yao nao wanayo. Kuvipanga hivi vyote katika siku ya mtoto wa miaka miwili, ili asipungukiwe na chokaa, protini, madini ya joto wala vitamini D, ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo unayomlipia mtaalamu.

Kwa watoto wachanga tahadhari ni kubwa zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Huenda mama ndiye atakayeombwa aache maziwa ya ng'ombe kwa muda. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwani karibu kila mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huyakataa na hayo. Ya ngamia, yapatikanayo kwa wingi Eastleigh, yana tofauti zake za kimaumbile na baadhi ya watoto huyavumilia, lakini hayamtoshi mtoto wa chini ya mwaka kuwa chakula chake kikuu, na yasijaribiwe bila daktari. Yako maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Ni ghali, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhakikisha kwanza kwamba mzio upo.

Kinu, karai na karamu

Mtaalamu mzuri atakuuliza unga wako unasagwa wapi. Katika mitaa kama Kawangware na Kangemi, unga wa uji wa watoto huuzwa ukiwa mchanganyiko: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, na mara nyingine omena. Mchanganyiko huo umewanusuru watoto wengi na utapiamlo, lakini kwa mwenye mzio wa njugu ni mtego. Hata ukinunua wimbi tupu na kulipeleka kinuni, kinu kile huenda kimetoka kusaga njugu za mteja aliyekutangulia. Tiba yake ni ama kuwahi alfajiri baada ya mashine kusafishwa, ama kununua mashine ndogo ya nyumbani, ama kuafikiana na mwenye kinu, na wengi wao ni watu wa kusikia wakielezwa. Karai la mafuta nalo ni hivyo hivyo: yaliyokaanga kamba na samaki asubuhi ndiyo yatakayokaanga viazi na bhajia jioni.

Vifurushi vina afadhali kwa kuwa vina maandishi. Mwongozo wa kimataifa wa Codex unataka vyakula vikuu vya mzio vitajwe: nafaka zenye gluteni, kamba na kaa, mayai, samaki, njugu, maziwa na jamii ya korosho na lozi. Ufuta ulichelewa kupewa uzito wake. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate alioununua uwanja wa ndege wa Heathrow. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wake na karatasi haikuutaja. Kwa ajili yake Uingereza ilibadili sheria Oktoba 2021, na Marekani imeutia ufuta katika orodha yake ya lazima tangu 1 Januari 2023. Sisi tunaoutia simsim kwenye mikate na kashata, na ambao nyingi ya bidhaa zetu huuzwa katika mfuko mtupu, hatuna karatasi ya kusoma. Tuna mdomo wa kuuliza tu.

Na kuuliza huko ndiko kunakotushinda kwenye karamu. Katika futari ya msikitini, akika au harusi, mama huona haya kumhoji mpishi. Walioliweza jambo hili hunena na mwenye shughuli siku mbili kabla, kwa simu, si mbele ya sinia. Humwomba amtengee mtoto sahani ya wali kabla vijiko havijachanganyika, au huja na chakula cha mtoto wakamjulisha mapema asije akaudhika. Ustadhi wa madrasa na mwalimu wa shule wapewe karatasi yenye picha ya mtoto, chakula kinachomdhuru, dalili, na simu ya mzazi. Watoto hugawana peremende kuliko tunavyodhani.

Ikitokea dharura

Mabaka pekee yaweza kusubiri daktari. Mabaka pamoja na kukohoa, sauti kukwama, kutapika mfululizo au kulegea hayasubiri. Dawa yake ni moja, sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje. Dawa za mwasho hupunguza kujikuna, hazifungui koo. Habasoda na asali tunavijua na tunavitumia, ila si vya saa hiyo. Mlaze mtu chali na miguu iinuliwe; akishindwa kupumua mwache akae; asisimamishwe wala asitembezwe kwenda barabarani. Kalamu za adrenalini za kujidunga ni ghali na haziko kwenye kila duka la dawa, kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: mtoto huyu azibwe vipi pengo hilo, na hospitali gani ya karibu ina dawa saa nane za usiku?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa mkazi wa magharibi mwa jiji. Barabara ya Waiyaki jioni huweza kukushika saa nzima. Mpango wa dharura utaje mlango ulio karibu, hata kama si wa hospitali mnayoipenda. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na mwenye zamu anayedai amana kwanza aweza kukumbushwa hilo kwa upole. Baada ya sindano, mgonjwa abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili huweza kurudi.

Kwa wenye watoto wachanga ambao bado hawajapata mzio wowote, habari ni njema kuliko tulivyofundishwa. Tuliambiwa njugu na mayai vicheleweshwe. Mwaka 2015 Profesa Gideon Lack na wenzake wa London walichapisha utafiti wa watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa vyakula vya njugu mara kwa mara tangu wakiwa na miezi 4 hadi 11, na nusu wakazuiwa. Walipotimiza miaka mitano, waliozuiwa walikuwa na mzio wa njugu kwa asilimia 17.2, na waliolishwa asilimia 3.2. Watoto wale, hata hivyo, walipimwa kwanza. Mwenye ukurutu mkali apelekwe kwa daktari kabla ya kuonjeshwa njugu, na hakuna mtoto mdogo apewaye punje nzima, maana humpalia. Huwa ni siagi ya njugu iliyolainishwa ndani ya uji.

Mpango wa lishe nao si wa milele. Watoto wengi huuacha mzio wa maziwa na yai wanapokua; wa njugu huachwa na mmoja kati ya watano hivi; wa samaki na kamba aghalabu hudumu. Wapo pia wasiovumilia yai la kukaanga lakini wanaovumilia yai lililookwa ndani ya keki kwa moto mkali, na jaribio hilo nalo ni la hospitalini. Kwa hiyo mtaalamu hupanga marudio, kila miezi sita au mwaka, apime urefu na uzito, aongeze au apunguze, na amuulize daktari kama wakati umefika wa kujaribu tena. Binti wa Kangemi sasa ana miaka minne. Jaribio lake la yai lililookwa limewekwa wiki ya pili baada ya Idi, na ameshauliza kama keki hiyo itakuwa na rangi ya waridi.